Halloween Marekani: mtoto asiende kupiga hodi peke yake

Kila mwaka, tarehe 31 mwezi wa kumi ikipita, picha za aina moja zinafika kwenye simu za wakaaji wa Bukavu, Goma, Uvira na Bunia. Ni picha za wajukuu walio Marekani. Mmoja amevaa nguo ya nyuki, mwingine amejipaka meupe usoni kama mfu, wa tatu ana kofia ndefu ya mchawi. Mikononi wana ndoo ndogo za plastiki zenye kujaa bombo na chokoleti. Na kila mwaka ugomvi ni ule ule: tate anauliza kama watoto wa ukoo wameingizwa katika mambo ya giza, mama yao anajibu kwamba ni mchezo tu.

Swali la tate si la kuchekwa. Ila jibu lake haliko kwenye nguo za mtoto. Liko kwa mtu aliyetembea naye jioni ile, na kwa maelezo aliyompa.

Jambo hili linagusa familia nyingi. Katika mwaka wa 2023 na wa 2024, Kongo ilikuwa inchi ya kwanza kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi wao ni watu wa mashariki, waliopitia kwanza kambi za Uganda, Tanzania, Burundi ao Rwanda. Watoto wao wanasoma pamoja na Wamarekani, na mwezi wa kumi ukifika, darasani hakuna habari nyingine isipokuwa nguo za Halloween.

Ijulikane kwamba sikukuu hiyo ilitoka Ulaya. Watu wa Ireland wa zamani walikuwa na sikukuu ya mwisho wa mavuno, Samhain, na waliamini kwamba usiku huo wafu wanakaribia walio hai. Baadaye Kanisa Katoliki liliweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 mwezi wa kumi na moja, na jina Halloween maana yake ni mkesha wa siku hiyo. Waireland waliokimbia njaa kubwa ya miaka ya 1840 walivuka bahari na desturi zao. Leo, kwa Wamarekani walio wengi, imebaki kuwa jioni ya watoto.

Jioni yenyewe ni fupi. Giza likianza kuingia, baba ao mama anatoka na watoto. Hawaingii kila ua: taa ya mlangoni ikiwaka, ni kusema wageni wanakaribishwa, ikiwa imezimwa, wanapita. Mtoto anagonga, anasema maneno ya desturi yenye maana ya “utupe kitu kitamu ao tukufanyie utundu”, anapokea bombo moja ao mbili, anashukuru na kurudi kwa mzazi anayemngoja njiani. Baada ya saa moja ao mbili, wadogo wamechoka na wanarudi nyumbani.

Kwa familia iliyotoka Beni, Rutshuru ao Djugu, hilo si jambo dogo. Huko, mlango ukigongwa usiku, mzazi anazima taa na kuwaambia watoto wanyamaze. Mzazi mwenye kumbukumbu hiyo akisita kumtuma mtoto kwenye mlango wa mtu asiyemjua, asiambiwe kwamba ni mshamba. Lakini huko Marekani jirani anaweza kukaa miaka miwili bila kujua jina la jirani yake. Halloween ni moja ya jioni chache ambazo milango inafunguka. Mama mwenye Kiingereza kidogo anasalimiana na watu wa barabara yake, na siku akipata shida, anajua pa kupiga hodi.

Wazee wana sababu nyingine za kukataa. Kwa Warega wa Mwenga na Shabunda, kinyago ni kitu cha bwami, cha watu waliofundishwa, si cha kuchezea. Wafu nao wana siku yao ya heshima: tarehe 1 mwezi wa nane, Wakongomani wanasafisha makaburi asubuhi, kisha wanakula pamoja na wazazi walio hai. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, mifupa ya plastiki iliyotundikwa kwenye miti inaumiza macho. Mzazi anaweza kukubali nguo ya nyuki ao ya simba na kukataa ile ya mfu. Anaweza pia kukataa yote kwa ajili ya imani yake, kama wanavyofanya Wakristo wengi wa Marekani. Lakini amweleze mtoto mapema, si jioni ile wakati wenzake wako tayari mlangoni.

Jambo moja halina mjadala: kofia ya karatasi haimfanyi mtoto kuwa mchawi. Katika Kongo, watoto wamefukuzwa nyumbani na kupigwa kwa sababu ya maneno kama hayo, hata sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Neno hilo lisitupwe kwenye WhatsApp ya familia, hata kwa mzaha.

Hatari ya kweli iko barabarani. Uchunguzi uliotolewa katika jarida la kitabibu JAMA Pediatrics, juu ya miaka 42 tangu 1975 hadi 2016, ulionyesha kwamba jioni ya Halloween vifo vya watembea kwa miguu vinazidi kwa asilimia 43 vile vya jioni za karibu. Watoto wa miaka 4 hadi 8 ndio wenye kuwa hatarini zaidi. Kuhusu bombo zenye sumu, mtafiti Joel Best, aliyechunguza habari za tangu 1958, hakupata hata tukio moja lililothibitishwa la mtoto kuuawa na bombo aliyopewa hivyo na mtu asiyemjua. Basi mzazi abebe tochi, amvike mtoto nguo yenye kung'aa, amwondolee kinyago kinachoziba macho, na amshike mkono kila wanapovuka.

Wanaosema kwamba ni kumfundisha mtoto kuombaomba nao wasikilizwe. Dawa yake ni pakiti moja ya bombo kwenye meza ya nyumbani. Wakubwa wawili wakigawana kazi, mmoja anatembea na watoto, mwingine anabaki na taa ya mlango ikiwaka. Wadogo wakirudi, nao wasimame mlangoni, wawagawie watoto wa majirani kwa mikono yao.