Mbwa-mwitu wa Kisiwani

Pengine mmoja wenu atauliza: Je, wanyama wa porini waweza kutoweka mahali ambapo chakula ni tele na hakuna awindaye? Twajibu: Ndiyo, waweza. Leo tutawaeleza habari za ukoo mmoja wa wanyama, ili tuone jambo hilo latokeaje.

Katika Amerika ya Kaskazini, mpakani mwa Marekani na Kanada, kuna ziwa liitwalo Superior. Eneo lake lapita mara mbili eneo la Ziwa letu Tanganyika. Ndani yake mna kisiwa, Isle Royale, chenye urefu wa kilometa 72 hivi. Siku za baridi kali maji ya ziwa huweza kuganda, yakawa magumu kama jiwe, hata mnyama akavuka kwa miguu toka bara mpaka kisiwani.

Ndivyo walivyofika mbwa-mwitu wa kwanza, karibu na mwaka 1949. Si wale wa Afrika wenye mabaka. Hawa wafanana na mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi. Kisiwani walikuta kulungu warefu kuliko farasi, wakawawinda, wakazaana. Tangu mwaka 1958 wataalamu huwahesabu, na mwaka 1980 walikuwa 50. Kisha uliingia ugonjwa wa mbwa wa kufugwa. Mwaka 1982 walibaki 14 tu.

Ugonjwa ulipita, walakini ukoo haukupata tena nguvu zake za zamani. Kwa sababu gani? Wataalamu walipoichunguza damu yao, waliona kwamba wote walitoka kwa jike mmoja. Kwa hiyo ndugu walikuwa wakizaana na ndugu.

Tueleze kidogo. Kila mtoto hupokea urithi wa mwili, uitwao jeni, sehemu moja kwa baba na sehemu moja kwa mama. Mara nyingi, sehemu ya mmoja ikiwa na kasoro, sehemu nzima ya mwenziwe huifunika, na mtoto huwa mzima. Lakini baba na mama wa damu moja huenda wakawa na kasoro ileile. Basi mtoto akiipokea pande zote mbili, hakuna tena cha kuifunika. Hivyo mbwa-mwitu wengi wa kisiwa kile walizaliwa na mifupa ya mgongo yenye kilema.

Mwaka 1997 maji yaliganda, na dume mmoja mgeni akavuka kutoka bara. Alikuwa mkubwa, mwenye nguvu, naye alizaa watoto 34. Kwa muda ukoo ulionekana kupona. Lakini mgeni alikuwa mmoja tu. Hatimaye alizaa hata na binti yake mwenyewe, na baada ya miaka michache karibu wote walikuwa wa damu yake. Kasoro zile zikarudi. Kuanzia mwaka 2016 walibaki wawili tu, dume na jike: baba na binti yake, tena wote wawili walizaliwa na mama mmoja! Mtoto wao wa pekee alionekana mwaka 2015, mwili wake una kasoro. Mwaka uliofuata hakuonekana tena.

Wakati huo kulungu, bila wa kuwapunguza, walizidi 2,000, wakala miche hata msitu ukaanza kudhurika. Watu wakabishana sana. Wengine walisema: Tuyaache maumbile yafuate njia yake. Wengine walijibu: Barafu ilikuwa daraja lao, siku hizi dunia imepata joto, na daraja hilo halijengeki ila mara chache. Mwisho serikali ya Marekani ilikubali kusaidia, na kati ya mwaka 2018 na 2019 mbwa-mwitu 19 wa mahali mbalimbali walipelekwa kisiwani. Mmoja wao alirudi bara kwa miguu juu ya barafu, wengine walikufa, lakini waliobaki walizaa. Mwaka 2024 walihesabiwa 30, na kulungu wamepungua.

Sisi twaona waliosaidia walitenda vema. Wazee wetu, katika makabila mengi, walikataza kijana kuoa ndani ya ukoo wake. Waliijua hatari hii bila darubini. Tena tusidhani kwamba kisiwa ni lazima kizungukwe na maji. Msitu ukizungukwa na mashamba na barabara pande zote, nao umekuwa kisiwa kwa wanyama waliomo. Basi, anayetaka kuwahifadhi wanyama asihesabu vichwa tu, bali aangalie pia kama wamebakiwa na njia ya kuwafikia wenzao.