Huo Si Utabiri, Ni Amri!

Wasomaji, tusidanganyane. Tangu mwaka 2000 kampuni ya Pantone hutangaza rangi ya mwaka. Ya 2025 ilikuwa Mocha Mousse, yaani kahawia. Viwanda husikia, hutia vitambaa rangi hiyo, maduka hujaa, watu hununua kilichopo. Kisha tunaambiwa utabiri umetimia! Programu inayojisahihishia mtihani wake haijapimwa bado.

Heuritech ya Paris nayo huilisha kompyuta picha za mitandao ya kijamii. Je, leso ya mama anayevuka feri Likoni imo humo? Muuza leso wa Kisauni mwenye daftari anajua rangi gani iliisha Idi iliyopita na ipi ililala dukani. Data ndiyo hiyo! Vijana wa Changamwe, liandikieni programu daftari hilo, kabla hatujauziwa utabiri wa nguo zetu wenyewe.