Mtoto wa Jicho Hatafutwi kwa Kiingereza

Vyama vya huduma kwa jamii katika miji yetu vinajifungulia kurasa mtandaoni, kimoja baada ya kingine, nami nafurahi kuviona huko. Tangu nistaafu ualimu nimeombwa mara kadhaa kusaidia kuandaa maneno ya kurasa hizo. Fundi wa kompyuta humaliza sehemu yake upesi, maneno huachwa yawe ya mwisho, na kauli ninayoambiwa haibadiliki: "Mwalimu, tuandikie tu kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya mtandao." Kauli hiyo naipinga, na naomba malenga na wapenzi wa lugha wanaosoma hapa wanisaidie kuipinga.

Tutazame vyama vya Lions. Vilianzia Marekani mwaka 1917, na mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi, alisimama mbele ya mkutano wao akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Tangu hapo huduma ya macho imekuwa alama yao popote walipo. Sasa tuseme tawi moja la mjini limeandaa kambi ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Ugonjwa huu huwapata hasa wazee. Bibi hatafuti habari mtandaoni. Anayemtafutia ni mjukuu mwenye simu, naye ataandika "matibabu ya mtoto wa jicho" kisha jina la mji wake. Mtambo wa kutafutia hutegemea sana maneno yaliyomo kwenye ukurasa. Ikiwa ukurasa wa chama una jina la kitabibu la Kiingereza peke yake, mjukuu anaweza asiuone kabisa, na bibi akabaki gizani ilhali daktari yuko umbali wa nauli ya daladala.

Uteuzi wa maneno hapa unahitaji sikio. Mtoto mwenye ufa wa mdomo tangu kuzaliwa, wengi bado husema ana "mdomo sungura". Wahudumu wa afya siku hizi husema "mdomo wazi", na nakubaliana nao, maana mtoto si mnyama. Lakini mama wa kijijini atatafuta kwa jina alilolisikia kwa jirani. Basi andika "mdomo wazi" katika kichwa cha habari, na mahali pamoja ndani eleza kwamba ndio unaoitwa pia mdomo sungura. Heshima ya mtoto italindwa, na mama atafika.

Hata jina la jumuiya zenyewe lina mtego. Wakenya husema klabu au kilabu bila wasiwasi. Lakini Tanzania, ukimwambia mzee kwamba kilabu kimefunguliwa mtaani, atauliza pombe gani inauzwa. Ndiyo maana nashikilia neno "chama".

Ninaloliona baya zaidi ni Kiswahili cha kunakili. "Kuhusu Sisi" si namna ya mwenyeji kujitambulisha mlangoni. "Sisi ni nani" inatosha. "Changia Sasa" ni amri ya askari. Watu waliokua na kadi za michango ya harusi wanajua kuomba: "Tunaomba mchango wako wa hali na mali," kisha huelezwa fedha itakwenda wapi. Na hao "wanufaika" ni nani? Kama ni wagonjwa, waitwe wagonjwa. Kama ni wanafunzi waliolipiwa ada, waitwe wanafunzi. Picha zao nazo zisibandikwe ovyo pamoja na jina na kijiji. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, ingawa sitara tuliijua kabla ya sheria hizo.

Naambiwa wafadhili wako ng'ambo na hawasomi Kiswahili. Ni kweli, basi wawekewe ukurasa wao wa Kiingereza, lakini uwe wa pili. Wengine huniambia kwamba vyama hivi ni vya kizungu na lugha yake ni ya kizungu. Paul Harris alianzisha Rotary huko Chicago mwaka 1905. Mwaka huohuo Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja. Hiyo ni jumuiya ya muziki, sawa, lakini inaonyesha kwamba kukutana, kuchangishana na kuwekeana kanuni hatukufundishwa na mgeni. Kuhusu tafsiri za mashine, nimeziona zikitoa sentensi safi. Hata hivyo mashine haijui kwamba wakazi huuita ule uwanja kwa jina la mti uliokatwa zamani, wala haitahariri pale inapokosea.

Kwa nini nawaambia washairi? Kwa sababu mtu aliyezoea kuhesabu mizani anajua kuliondoa neno lisilofanya kazi. Tangazo la kambi ya macho linahitaji machache: wapi, siku gani, nani anahudumiwa, analipa nini, aje na nini. Tarehe iandikwe pamoja na mwaka, na kambi ikiisha tangazo liondolewe. Tangazo la mwaka juzi lililosahauliwa mtandaoni humpandisha mgonjwa basi kwa nauli ya kukopa, akakuta uwanja mtupu. Nywila ya ukurasa nayo ishikwe na watu wawili au watatu, maana katibu huhama, na wakati mwingine hufariki.

Kama kuna chama karibu nawe, nenda kwenye mkutano wao ujao uombe kuusoma ukurasa wao kwa sauti mbele ya mtu asiye mwanachama, mama ntilie au dereva wa bodaboda. Pale atakapouliza "maana yake nini?", kata, uandike upya.