Kinyongo Hakitoshi Kuwa Msuko
Filamu ya David Fincher, The Social Network (2010), imesifiwa kupita kiasi. Dayalojia aliyoitunga Aaron Sorkin ni hodari kweli, na Oscar aliyotunukiwa aliistahili. Usawiri wa mhusika mkuu ndio uliopwaya. Facebook nzima inaelezwa kwa kinyongo cha kijana aliyekataliwa na Erica, msichana ambaye hakupata kuwako! Udhaifu huo hudhihirika zaidi mbele ya masimulizi ya Waluo wa Homa Bay na Migori kuhusu Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa aliyesemekana kujigeuza maumbo ili kuwakwepa watawala wa kikoloni. Wasimulizi hawamfungi katika sababu moja, wala hawamtengi na ukoo wake. Mark Zuckerberg wa Fincher hana mzazi wala ndugu, ana mawakili tu; na filamu inakoma akiwa mbele ya kompyuta, akingoja jibu la Erica.