Wanawajengea bata nyumba, na hawajachizi

Ukiambiwa kuna watu wanajenga vibanda vidogo, wanatandika mwani uliokaushwa ndani, halafu wanangoja bata wa porini waje kutaga, si utacheka? Mimi nilicheka. Halafu nikasoma zaidi.

Mahali penyewe ni Vega, manispaa ya visiwa katika pwani ya Nordland, Norway. Visiwa na miamba yake ni kama 6,500, na wakaaji ni kama 1,200. Yaani kila mtu angepata visiwa vitano na chenji.

Bata huyo anaitwa eider, na hafugwi. Anaishi baharini, ila majira ya kuchipua anatafuta mahali pa kutagia nchi kavu. Jike anajinyofoa manyoya laini ya kifuani, anayazungushia mayai, kisha analalia karibu wiki nne. Dume? Ashajitoa kitambo. Siku hizo wenyeji wanatembea polepole, hawapigi kelele, mbwa hawaachiliwi, na wanalinda viota dhidi ya kunguru na fisi maji. Mama akishaenda baharini na vifaranga ndipo watu wanachukua manyoya, wanayasafisha kwa mkono. Duveti moja inakula manyoya ya viota kama 60. Bata analipa kodi akishahama!

Wanaume walikuwa wakienda kuvua, kwa hivyo kazi hii ilibebwa sana na wanawake. Mwaka 2004 UNESCO ilipoingiza visiwa hivyo kwenye urithi wa dunia, ilitaja mchango wao waziwazi. Hakuna kasri hapo wala kaburi la mfalme. Ni akina mama na bata.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Tumezoea kuambiwa wanyama watanawiri watu wakiondolewa. Vega inapinga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu walianza kuhama visiwa vidogo vya nje. Nyumba zikabaki tupu, viota vikakosa mlinzi, na bata wakapungua. Bata alikuwa amezoea kulala karibu na binadamu, kwa sababu binadamu ndiye aliyekuwa askari wake. Leo kuna wachache wanaorudi sehemu kama Lånan kila msimu kutandika viota tena.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Mjomba akaniambia nirudi ushago nimsaidie shosho na kuku wake, nikaona ni matusi. Shosho huamka usiku wa manane na tochi kwa sababu ya kicheche, na sijawahi kuiita hiyo kazi. Nilikuwa naita mazoea ya wazee.

Siwadanganyi, bado niko Kayole na sijapanga kuhama. Lakini Jumapili nilimpigia nikamuuliza, "Shosho, kuku anayelalia unamjengea aje?" Akanyamaza kidogo, akauliza kama niko mgonjwa. Halafu akaanza kueleza, akaeleza mpaka kredo ikaisha.