Shingo ikipinda, rudini kliniki

Mgonjwa wa akili anayeanza kutumia dawa ya haloperidoli anaweza, katika siku chache za mwanzo, kupinda shingo, kukaza taya au kupandisha macho yasishuke. Vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi. Ndugu ambao hawakuambiwa mapema husema mapepo yamempanda. Vidonge vinatupwa, mgonjwa anapelekwa kwa mganga, na ugonjwa unarudi kwa kishindo.

Si mapepo. Dawa hii hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea sauti anazosikia mgonjwa na hofu zisizo na sababu. Kemikali hiyohiyo huongoza misuli, ndiyo maana misuli hukaza. Tiba yake ipo: sindano ya biperideni, kwa mfano, huilegeza ndani ya muda mfupi. Kisha daktari hupunguza dozi au hubadili dawa.

Kwa hiyo tunasema wazi: kumkabidhi mtu haloperidoli bila kumweleza yeye na anayemuuguza ni kuacha tiba njiani. Waambiwe kwamba nafuu kamili huchukua wiki kadhaa. Waambiwe kwamba kutetemeka mikono au kushindwa kutulia kitini ni mambo ya kurudi kuyasema kliniki, na kwamba pombe huongeza usingizi na hatari. Mwenye ugonjwa wa moyo au ujauzito amweleze daktari kabla ya kuanza. Na mgonjwa asiongeze, asipunguze wala asiache dawa kwa uamuzi wake, hata akijisikia mzima.

Ila kuna hali zisizongoja siku ya kliniki. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa ni hatari kwa maisha. Koo kubana au kuzimia ni vivyo hivyo. Dozi inayofuata isitolewe. Mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani limeziweka haloperidoli na biperideni katika orodha ya dawa muhimu. Hospitali na vituo vyetu navyo viziweke pamoja: penye ya kwanza isikosekane ya pili, au nyingine ya kundi lake. Na kila pakiti itoke na karatasi ya Kiswahili chepesi yenye dalili za hatari na namba ya simu ya kituo. Gharama yake ni ndogo, na familia zinastahili kupewa.