Mgeni wa Tarakilishi Mpe Jembe

Nimeshika kalamu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona dogo. Mtu mzima ambaye hajawahi kugusa tarakilishi anaponunua kipakatalishi chake cha kwanza, ni nani amuunganishie na intaneti ya nyumbani, na amuunganishie vipi? Huku kwetu Mtopanga jibu limekuwa moja tu: huitwa kijana. Kijana huja, huketi, hufinya-finya kwa dakika kumi, kisha husema, "Tayari, mama," akaenda zake. Mimi nasema hiyo si tayari hata kidogo. Rai yangu ni kwamba mwenye mashine aifanye kazi ile kwa mikono yake mwenyewe, na kijana awe mwalimu wa mdomo.

Hebu kwanza tukumbuke tulikotoka. Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo juu angani, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Ilikuwa ghali, tena ya kujikokota. Mwaka huo wa 2009 ndipo nyaya za chini ya bahari zilipotua papa hapa Mombasa: TEAMS, iliyotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM, iliyozinduliwa mwezi wa Julai. EASSy ikafuata mwaka 2010. Sehemu kubwa ya intaneti inayotumiwa Nairobi, na hata Kampala, hupitia ufuoni mwetu. Sisi ndio wenye mlango! Lakini ajabu ni hii: waya huo husafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari, ukafika Mtopanga, ukapanda mlingoti, ukaingia dirishani hadi kwenye ruta iliyo juu ya kabati. Halafu hatua tatu za mwisho, kutoka kabatini hadi mapajani mwa mama aliyelipia huduma, ndizo zinazotushinda.

Nitatoa mfano mmoja ili msidhani nasema maneno matupu. Mwaka jana jirani yetu, mama wa makamo aliye mweka hazina wa chama cha akina mama, alinunua kipakatalishi kipya ili aweke hesabu za chama. Mashine za siku hizi zenye Windows 11, ukiziwasha mara ya kwanza, hukuuliza nchi yako, kibodi yako, kisha hutaka intaneti na akaunti. Kijana aliyeitwa alikuwa na haraka. Kwa kuwa mama hakuwa na barua pepe, alifungua akaunti kwa barua pepe yake yeye na nambari ya simu yake yeye. Nywila aliijua yeye peke yake. Miezi ikapita, hesabu zikaingia, na kijana akapata kazi Doha akasafiri.

Siku moja mama akasahau zile tarakimu za kufungulia. Mashine ikadai nywila ya akaunti, au tarakimu mpya zitakazotumwa kwa simu ya mwenye akaunti. Mwenye akaunti yuko Ghuba, na laini yake ya Kenya imezimwa! Nacho chama kilitakiwa kugawana pesa Jumamosi ile ile. Wenzake wakaanza kunong'onezana, "Ati mashine imekataa?" Zilipita siku tisa kabla kijana hajapatikana kupitia kwa mamake, akaitoa nywila. Hesabu zilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho, lakini jina la mtu lilikuwa limeshapakwa tope. Kijana yule hakuwa mwizi wala mjinga. Alitaka kusaidia. Ila msaada wake ulimfanya mama awe mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Najua wako watakaonipinga. Watasema wazee hawashiki mambo haya, na kwamba kumfundisha mmoja ni kazi ya wiki nzima. Si kweli. Mambo ambayo mgeni wa tarakilishi anahitaji kuyajua siku ya kwanza ni matatu tu, na yote yaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida.

La kwanza, ajue kuwa waifai si intaneti. Wengi huona ile alama ya mistari imejaa pembeni mwa kioo, wakashangaa kwa nini ukurasa haufunguki. Waifai ni safari fupi kutoka kipakatalishi hadi ruta. Intaneti ni safari ndefu kutoka ruta kwenda duniani. Ni kama kupanda tuktuk kutoka mlangoni hadi steji ya Mtopanga, kisha ukapanda matatu kuvuka daraja la Nyali hadi kisiwani. Tuktuk yaweza kuwa nzima kabisa na matatu zimegoma. Basi kitu kikikwama, kwanza uliza ni safari gani iliyokwama.

La pili, ajue kuwa nywila ni tatu, wala si moja. Iko ya waifai, ambayo ni ufunguo wa mlango wa mbele. Iko ya kuingilia ndani ya ruta yenyewe, ambayo ni ufunguo wa kubadilishia kufuli. Mwenye nao aweza kukufungia nje ya nyumba yako. Na iko ya akaunti ya kipakatalishi, ambayo ni ufunguo wa sanduku la chumbani. Zile za kiwandani zibadilishwe, na zote tatu ziandikwe katika daftari litakalowekwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Wako wanaosema nywila haiandikwi. Ni sawa, usiibandike ukutani sebuleni. Lakini iliyo katika daftari la mwenye nyumba ni salama kuliko iliyo kichwani mwa mtu aliyekwisha kusafiri.

La tatu, ajue kuwa mashine mpya ina kiu. Ikionja intaneti tu, huanza kushusha masasisho yake bila kukuomba ruhusa, nayo huweza kufika gigabaiti kadhaa. Kwa mwenye waya wa nyumbani usio na kipimo, hilo si neno. Lakini ukiiunganisha na simu yenye bando la gigabaiti moja, bando litaisha kabla uji haujapoa, nawe utadhani umeibiwa. Ndani ya Windows mna mahali pa kuiambia mashine kwamba intaneti hii hulipiwa kwa kipimo, nayo ikajizuia. Mgeni aonyeshwe mahali hapo siku ile ile.

Mambo ni hayo matatu. Yawezekana? Yawezekana sana. Mamangu alipopata kipakatalishi chake tuliifanya kazi hiyo kwa jioni mbili. Mimi nilikaa kando, mikono nimeifumbata.

"Mwanangu, hii nikiifinya haitaharibika?"

"Haiharibiki, mama. Finya tu."

"Na hapa yaniuliza nini?"

"Yataka kujua unaingia waifai ya nani."

Akaona majina tisa ya majirani yamejipanga. Akacheka sana. "Kumbe mtaa mzima umo humu!" Akatafuta jina letu, akaigeuza ruta asome nywila kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake. Ilikataa mara tatu, kwa sababu herufi O na sufuri zafanana kama pacha. Ya nne ikakubali. Ningaliichukua ile mashine tungalimaliza kwa dakika mbili, naye asingalijua hata karatasi ile iko wapi.

Faida yake ilionekana mwezi uliofuata. Intaneti ilikatika, nami niko shuleni. Mama alitazama kioo akaona waifai ipo, akatazama ruta akaona taa nyekundu, akawapigia simu wenye huduma: "Kwangu waifai ipo. Intaneti ndiyo haipo, na taa ya ruta ni nyekundu." Fundi alikuja jioni. Hakuhitajika kijana wa kumsemea.

Lipo pingamizi jingine ambalo ni zito zaidi, nalo hutoka kwa vijana wenyewe. "Ukiwafundisha wote, sisi tutakula nini?" Kazi ni haba mtaani, na shilingi mia mbili za kuunganisha mashine ni chakula cha siku. Sitalicheka swali hili. Lakini jibu langu ni kwamba fundi mzuri na auze mafunzo badala ya kuuza giza. Atoze zaidi kwa jioni mbili za kufundisha kuliko dakika kumi za kufinya. Mteja aliyeelewa atamleta jirani, kisha shemeji, kisha chama kizima. Aliyefungiwa nje ya mashine yake hatamleta mtu, ila atamsimulia kila mtu.

Sasa nawageukia wanachama wa Chama chetu cha Kiswahili. Jambo hili latuhusu kuliko wanavyodhani wenzetu wa chama cha sayansi. Kinachomtisha mama mbele ya kioo si umeme wala hesabu, ni maneno. Maneno yake tunayo: tarakilishi, iliyoundwa kwa tarakimu na akili; kipakatalishi, kinachopakatwa kama mtoto; kipanya, kivinjari, nywila, kupakua. Windows yenyewe ina sura ya Kiswahili ambayo mtu aweza kuipakua na kuitumia. Katiba ya 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Je, maneno haya tunayakariri ya nini, kama si kuwafikia wazazi wetu nayo? Ni ya mtihani tu?

Napendekeza basi kwamba kila muhula tutenge Jumamosi moja. Wazazi na majirani waje na vipakatalishi vyao, vipya kwa vikuukuu. Kila mwanachama aketi na mgeni mmoja, aeleze kwa Kiswahili, naye mgeni afinye. Sheria iwe moja tu: mwanafunzi atakayegusa kibodi ya mgeni wake ataondoka mezani. Walimu wetu nawaomba mtuunge mkono, maana gharama yake ni madawati na subira.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema umlimie shamba. Nyaya zimetua ufuoni mwetu tangu mwaka 2009, na siku mbili za ugeni zimekwisha zamani. Tuwape wazazi wetu jembe lao walime wenyewe.